Firigisi ya Shabani Wanyama

"Bahari haina mwenyewe! Anayesema ina mwenyewe aniletee cheti cha kuzaliwa cha hiyo bahari, nikione!"

Maneno hayo aliyasema baba yangu mdogo, Shabani Wanyama wa Ekero, mwaka wa tisini na tatu, mbele ya D.O., wazungu wanne na kijiji kizima cha wavuvi huko kaskazini ya Malindi. Alikuja kuturudia maneno hayo mara nyingi baadaye, akiwa amesimama, maana hotuba ya baba mdogo haijui kukaa kitini.

Alikuwa mpishi katika meli ya kampuni iliyotafuta gesi chini ya bahari. Mtu ambaye maji mengi zaidi aliyokuwa ameyaona maishani ni ya Mto Nzoia, tena kutoka juu ya daraja! Akaoa hukohuko, binti wa kijiji hicho, Mwanahamisi. Kampuni ilipofunga eneo ambamo watu walikuwa wakitega madema yao ya samaki, kijiji kikaomba jambo moja: katika pesa ambazo kampuni inailipa serikali, fungu libaki pale, wajengewe zahanati. D.O. alikuwa bado anakuna kichwa akitafuta jibu. Ndipo mkwe wa kijiji akasimama akampatia.

"Mmemsikia mkwe wenu," D.O. akasema, akafunga baraza.

Zahanati iliishia hapo. Baba mdogo akapandishwa cheo, akawa mpishi mkuu.  Mama mkwe alianza tu kumpelekea chakula chumbani, badala ya kumwita mkekani na wengine.

Miaka miwili baadaye kampuni ilifunga visima vyake ikaondoka, naye akarudi Ekero na mkewe, akapanda miwa kama sisi. Sasa, miwa yetu ina ushuru. Kila tani mkulima anakatwa pesa ya kutengeneza barabara, na barabara yenyewe mvua ikinyesha ng'ombe anazama mpaka tumboni. Baba mdogo akapata hotuba mpya.

"Miwa ni yetu, mashimo ni yetu, pesa inaendanga wapi? Fungu la kwanza libaki Ekero, mengine baadaye!"

Watu walimpenda mpaka wakataka awe mwakilishi wao. Mimi nina nusu ya diploma ya ushirika, na hata hiyo nusu ilitosha kuona kwamba hotuba hizi mbili hazilali kitanda kimoja. Lakini nilipiga makofi. Sote tulipiga.

Aliyezilaza pamoja ni Athumani, kaka yake Mwanahamisi. Alikuja mwaka wa tisini na sita, Ijumaa, bila kutuma habari. Jioni Mwanahamisi akachinjiwa kuku wa kumkaribisha kaka yake, na mimi, ambaye pua yangu haijawahi kukosea, nikawa nimefika.

Chakula kilipowekwa, mgeni alinyoosha mkono akachukua firigisi. Baba mdogo akamshika kiganja, akicheka.

"Aa, shemeji! Hiyo ni imondo. Hiyo haichukuliwi."

"Kwani ina nini?"

"Ni ya mwenye boma. Kuku tutamla sote, paja lako hilo hapo, wala hakuna atakayelala njaa. Lakini imondo ni ya mwenye mahali. Mgeni huila akipewa, hajichukulii."

"Hata kama kuku ameletwa na mgeni?"

"Hata akimleta na ndege! Amepikiwa kwa nani?"

Athumani akairudisha taratibu, kama anayerudisha yai kwenye kiota. "Kwa hiyo mwenye mahali ana fungu lake kwanza, kabla ya kugawa."

"Wewe unaelewa haraka, shemeji!"

"Naelewa. Na mchana nilikusikia ukihutubia pale sokoni. Nilikuwa nyuma ya wauza viatu." Akajifuta vidole. "Sasa nieleze. Kuku ana firigisi. Miwa ina firigisi. Bahari yetu ndiyo ilizaliwa bila?"

Baba mdogo alicheka. Akacheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni. Alitazama ile imondo kama imemtaja jina. Mwanahamisi alikuwa mlangoni na birika la kunawia, na hakuondoka wala hakuingia. Mimi niliinama nikatafuta wali uliodondoka, na hatukuwa tumepika wali. Ulikuwa ugali.

"Sikuja kugombana," Athumani akasema. "Mama ni mgonjwa. Anasema mje wote wawili. Ila wewe, kasema, lile neno ulirudishe palepale ulipolitupa, mbele ya watu walewale. Hataki kufa akiwa na mkwe asiyeweza kukaa naye mkeka mmoja."



"Jumatatu nina mkutano," baba mdogo akasema mwishowe, macho kwenye sahani. "Wanataka kunichagua."

"Haya, shemeji."

Angeweza hata kumpa ile imondo. Mkono ulikuwa karibu, na mila inaruhusu, alikuwa ametoka kusema mwenyewe. Hakumpa, na hakuila. Asubuhi sisimizi walikuwa wameipata.

Mwanahamisi alifunga nguo zake akaondoka na kaka yake. Walipokuwa wakingoja basi pale stendi ya Ekero, baba mdogo akatokea na jogoo mwekundu amefungwa miguu, pumzi juu. Akamvuta mkewe nyuma ya kibanda cha chai. Nilikuwa nimebeba begi, nikasikia.

"Mpe mama. Mwambie... mwambie imondo ni yake."

Mwanahamisi alimtazama. "Bahari uliisema mbele ya D.O. na kijiji kizima, mume wangu. Hili ndilo la kuninong'oneza nyuma ya kibanda?"

 Baba mdogo alishika ukingo wa kile kibanda kama mtu anayepima mbao. Mwanahamisi akamchukua jogoo, maana jogoo hakuwa na kosa, akapanda basi bila kugeuka.

Jumatatu baba mdogo alichaguliwa kwa makofi. Hotuba yake ilikuwa fupi sana, watu wakasema amekomaa.

Yule jogoo alimnunua shilingi mia moja na sabini, na hiyo ndiyo bei yote aliyolipia lile neno la bahari.