Viazi Vilivyonyamaza

Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha huko nyanda za juu za Puno, mwalimu Benedicta Ticona hakuzoea kuomba kitu mara mbili. Akinyimwa, alitengeneza. Hata kibao kidogo cha umeme cha darasani alikilehemu mwenyewe, kwa vipande vya redio mbovu. Ukikiunga na kompyuta, kisha ukavuta waya kutoka kwenye kibao mpaka kwenye kiazi, kiazi kinageuka kitufe. Mtoto anashika waya wa pili kwa mkono mmoja, anagusa kiazi kwa mwingine, umeme mdogo usiohisika unapita mwilini mwake, na kompyuta inapiga ngoma.

Asubuhi hiyo mkaguzi alikuwa njiani kuja kuamua kama kompyuta tano za shule zibaki au ziteremshwe mjini. Barua yake ilisema huku juu zimelala tu. Neno hilo lilikuwa limemkera Benedicta wiki nzima.

Jana yake aliwaambia watoto walete viazi kwa ajili ya mkaguzi, vilivyo bora kabisa nyumbani kwao.

Alipofungua mifuko, aliketi. Kila mzazi alikuwa ametoa chuño: viazi vilivyogandishwa kwa baridi ya Juni, vikakanyagwa kwa miguu mpaka maji yakaisha, vikaanikwa vikawa vyeusi, vigumu kama kokoto. Mgeni wa heshima hapewi kiazi kibichi. Hata mama yake mwenyewe angetoa hivyohivyo.

Akabana waya kwenye kimoja. Yeny, msichana wa darasa la sita, akakigusa. Kimya.

"Cha kwetu kina miaka minne, mwalimu," Yeny akasema, akitetea ukoo.

"Ndiyo maana hakisemi, mwanangu. Umeme unataka maji."

Nje pikipiki ilikuwa inakohoa kwenye kona ya mwisho. Benedicta akatoka mbio hadi jikoni, alikokuwa Gumercinda, mpishi wa shule, na beseni la chuño alizoziloweka tangu juzi.

"Nipe sita, dada."

"Hicho ni chakula cha mkaguzi!"

"Asiposikia ngoma, ataondoka na kompyuta."

"Heri nimpe mchuzi mtupu, eti?"

"Mpe mchuzi mtupu."

Gumercinda akasonya, akahesabu sita, akaongeza ya saba. "Hiyo ya ziada. Najua mikono yako, utaponda moja."

Mkaguzi Zegarra alipoingia, chuño saba zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imebanwa waya, zikichuruzika. Akashika waya, uso umekunjamana, akagusa ya kwanza. Ngoma ikalia. Akagusa ya tatu, ya tano. Watoto wakaanza kumpigia makofi, naye akapoteza mdundo.

"Mwalimu, huyu hajui kucheza," Yeny akanong'ona kwa sauti ya kusikika.

Mkaguzi akacheka, akafuta vidole kwenye suruali. "Na viazi vikiisha?"

"Tutabana waya kwenye sikio lako, bwana," akajibu Yeny. "Lina maji ya kutosha."

Benedicta hakucheka. Alikuwa anamtazama mkononi: hamna kalamu.

"Basi, kompyuta zibaki," mkaguzi akasema. "Nitaandika nikifika mjini."

"Mjini ni mbali, bwana mkaguzi." Benedicta akasogeza chuño pembeni, akaipangusa meza kwa kiganja, akamwekea kalamu na karatasi. "Andika hapa. Sisi tutasubiri."

Akasimama mlangoni, watoto nyuma yake, mpaka mkaguzi akavuta kiti.