Nilienda Kishushe kutafuta shahidi wa cheti cha kuzaliwa ili nipate visa ya masomo

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimekuwa nikisoma tu bila kuandika. Ila naona kila wiki kijana anauliza habari za visa ya masomo: apeleke karatasi gani, ajibu nini kwenye interview. Nikaona niseme yaliyonipata mimi. Ni ya zamani, lakini ni ya kweli. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya hawa watu wana watoto na wajukuu Voi hapa hapa. Mimi niiteni Wakesho.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza Form Six, nafundisha shule ya msingi kule kwetu Wusi. Nilikuwa UT, yaani mwalimu ambaye hajasomea ualimu. Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulibaki mimi na mama. Dada yangu mkubwa, Mghoi, alikuwa ameolewa Voi. Alikuwa fundi wa nguo karibu na soko, na mume wake, Mutua, alikuwa mtu wa reli.

Mwalimu mmoja mgeni aliyenifundisha biology alinisaidia kuandika kwa chuo kimoja Marekani. Sikutarajia kitu. Baada ya miezi mingi barua ikaja kwa sanduku la posta la shule: nimekubaliwa, na chuo chenyewe kitanisomesha.

Niliisoma nimesimama. Halafu nikarudi darasani kumalizia hesabu za Standard Five.

Sasa ngoma ikaanza. Visa inataka pasipoti. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Na mimi nilizaliwa nyumbani, sina cheti.

Nikapanda Wundanyi, ofisi ya usajili, na kadi yangu ya ubatizo mkononi. Karani aliigeuza mbele na nyuma akanirudishia.

"Hii inaonyesha ulibatizwa," akasema. "Haionyeshi ulizaliwa na nani. Lete mtu aliyekuwepo."

Aliyekuwepo ni mkunga. Nilijua jina lake tangu utotoni, Nyanya Mkawasi, ila alikuwa amehama kitambo kwenda kuishi na mwanawe aliyefanya kazi ranchi ya Kishushe.

Nilipomwambia mama nataka kumfuata, hakufurahi.

"Yule amezeeka. Hakumbuki kitu."

"Basi nani mwingine alikuwepo?"

Mama akasema ana maharagwe ya kupalilia, akatoka na jembe.

Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilidhani hataki tu niende mbali, na kwa kweli hakutaka.

Kishushe siku hizo ilikuwa safari. Magari hayakuwepo. Nilingoja siku mbili mpaka nikapata lori ya watu waliokuwa wakitafuta madini kule. Nilikaa juu ya magunia, na barabara ilitutikisa mpaka meno yakauma. Nilifika vumbi tupu.

Nyanya Mkawasi nilimkuta anapukuchua kunde. Macho yalikuwa hafifu lakini akili ilikuwa timamu kabisa. Nilipotaja jina la mama, alinijua mara moja. Nikamweleza shida yangu: aje tu kwa naibu wa chifu wa pale, aseme alinizalisha, aweke kidole kwenye karatasi, basi.

"Mama yako amekutuma?"

"Hapana. Hakutaka nije."

Akaendelea na kunde zake.

"Hiyo karatasi ni ya serikali?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Basi siwezi kuweka kidole changu kwa jina la mama yako."

Nikadhani walikosana zamani. Nikamwomba kama kuna ubaya ausamehe, ni masomo yangu.

"Hakuna ubaya," akasema. "Siku hiyo mama yako alikuwa anachemsha maji. Aliyekuwa amelala pale ni Mghoi."

Wakuu, sikulia. Nilimwuliza tena, akarudia maneno yale yale, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Hakukuwa na gari la kurudi kwa siku mbili. Nililala kwake, nikamchotea maji, nikamsaidia na kunde. Hilo jambo hatukulizungumza tena. Siku ya tatu tulienda kwa naibu wa chifu. Karatasi ikaandikwa: mama mzazi, Mghoi. Bibi akabonyeza kidole kwenye wino, akakiweka pale chini, akafuta mkono kwa kanga.

Nikarudi Wusi na karatasi hiyo kwenye kitabu.

Mama nilimkuta shambani. Sikujua nianze vipi, kwa hivyo nikamwonyesha tu. Hakujua kusoma. Nikamsomea.

"Nilijua atasema," akaniambia. "Mkawasi hajui kudanganya."

Akaegemea jembe. Akanieleza kwamba Mghoi alikuwa na miaka kumi na sita, bado yuko shule. Kijana aliyempa mimba alikwenda kutafuta kazi na hakurudi. Baba akaamua Mghoi arudi darasani na mtoto awe wao.

"Kuna kitu ulikosa kwangu?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

Ni kweli, sikukosa. Hilo ndilo lililonisumbua, maana ningependa kumkasirikia mtu na sikumpata.

Karani wa Wundanyi alipoona karatasi ya mkunga akasema sawa, lakini huyu mama mzazi yuko hai, kwa hivyo yeye mwenyewe aje aweke sahihi.

Hapo ndipo penye moto. Mghoi na Mutua walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minne, na watoto watatu. Mutua alinijua kama shemeji yake mdogo. Hakuwa anajua lolote.

Mwalimu mwenzangu mmoja akanishauri. Tafuta mzee mwingine wa Wusi, akasema, aweke kidole kwa jina la mama unayemjua, na hakuna mtu atajua. Nilimfikiria mzee mmoja ambaye angekubali bila hata kuuliza. Wiki nzima nilitembea na wazo hilo. Siku moja nilifika mpaka kwa mzee huyo, nikaingia, nikasalimia, nikanywa chai. Nikatoka bila kusema lililonileta.

Sikuacha kwa sababu mimi ni mwema sana. Niliogopa. Nilijua ubalozini nitaulizwa, na mimi nikidanganya huwa naonekana usoni. Na pia nilimkumbuka yule bibi akifuta kidole kwa kanga.

Nikashuka Voi. Mghoi alikuwa kwenye cherehani, anashona shati za shule. Nikaweka karatasi mbele yake. Aliisoma. Akashona mshono ule mpaka mwisho, akakata uzi.

"Mama anajua umekuja?"

"Anajua."

"Nikikataa utafanyaje?"

"Nitaendelea kufundisha Wusi."

Akanitazama kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anatafuta nini usoni pangu. Halafu akasema, "Nipe siku nne."

Alimwambia Mutua siku hiyo hiyo. Mutua hakupiga mtu, hakuvunja kitu. Alichukua nguo zake za kazi akahamia kwa mwenzake, kwenye nyumba za reli. Siku nne zikapita, ya tano, ya sita. Mghoi aliendelea kushona. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, nikawa nawapikia watoto, na kila aliyepita mlangoni nilidhani ni yeye.

Siku ya saba Mutua alirudi mchana. Akakaa. Akaomba maji. Kisha akamwambia Mghoi, mimi nikisikia:

"Kilichoniudhi si mtoto. Mtoto angekula hapa kama hawa wengine. Ni miaka kumi na minne umelala na hilo peke yako, na mimi niko hapo."

Mimi nikatoka nje. Hayo yalikuwa yao.

Jioni Mutua akaniomba barua ya chuo. Akaisoma yote, hata anwani. Akanirudishia.

"Alhamisi niko off," akasema. "Twende Wundanyi sote."

Tukaenda watatu. Mghoi akaweka sahihi. Kwenye mstari wa baba, karani akapiga dashi akaendelea. Mutua alikaa kwenye benchi na mkoba wangu magotini mwake, kama mtu anayesubiri kinyozi.

Pasipoti ilichukua muda wake. Nafupisha hapo.

Siku ya interview Nairobi nilivaa gauni alilonishonea Mghoi. Afisa alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, ila alisoma kila karatasi. Kumbukeni, fomu za chuo nilizijaza kabla ya Kishushe. Humo niliandika mama yangu ni mkulima wa Wusi, na nikaeleza vile amenilea. Cheti kilisema Mghoi.

"Huyu kwenye cheti ni nani?" akauliza.

"Ni mama yangu."

"Na huyu kwenye fomu ya chuo?"

"Naye pia ni mama yangu."

Akaweka kalamu chini. "Nieleze."

Nikamweleza yote, kutoka kunde mpaka dashi. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu. Pale katikati nilijua nimeshaharibu, kwa hivyo niliendelea tu nimalize.

Aliniuliza, "Ulijua haya lini?"

"Mwaka huu. Kwa sababu ya hii visa yenu."

Akageuza cheti, akaangalia muhuri, akaangalia tena karatasi ya kidole cha bibi. Akaniuliza nitasoma nini na nikimaliza nitafanya nini. Nikasema nitasoma kazi ya maabara na nitarudi, maana hospitali nyingi za kwetu zilikuwa zinapeleka damu mbali kupimwa. Akaandika kitu. Akaniambia nirudi kesho yake mchana kuchukua pasipoti.

Nilipewa visa. Nikasoma miaka minne, nikarudi, nikafanya kazi maabara mpaka nikastaafu.

Mghoi sikuwahi kumwita mama. Nilijaribu mara moja kwa barua, kutoka kule. Akanijibu kwamba mama yangu yuko Wusi anapalilia, na yeye nimwite kama kawaida, ila niandike mara kwa mara zaidi. Nikafanya hivyo.

Mama alikufa akiwa mzee sana. Mghoi alimfuata miaka kadhaa baadaye. Nilipofika Voi kwa mazishi, Mutua, naye sasa mzee wa fimbo, alikuwa ameshampa mchapishaji maelezo ya programu ya mazishi. Hakuniuliza wala hakuuliza mtu. Nilifungua programu nikiwa nimeketi kwenye hema na wageni wengine. Pale pa "Ameacha watoto wanne" jina langu lilikuwa la kwanza. Nikahama kiti, nikaenda kuketi na watoto wake.

Kwa nyinyi mnaojiandaa sasa: karatasi zenu zisomeni mapema, zote, jina kwa jina, kabla hamjalipia chochote. Mkiona kitu hakilingani, waulizeni wazee wenu nyumbani, kwa upole, na muwape muda wa kujibu. Na kwenye fomu andikeni ukweli, hata ukiwa wa aibu. Mimi nilikaribia sana kuandika uongo. Ningeupata mlango wa Marekani labda, lakini siku ile ya mazishi ningebaki kwenye viti vya wageni.

Kama kuna mwingine aliyepata kujua jambo la nyumbani kwao kwa sababu ya cheti au pasipoti, aandike hapa chini. Nitasoma yote. Kujibu nitajibu, ila mnivumilie, nachapa kwa kidole kimoja.