Ngazi Mbili za Matofali

Wanafunzi walimwita Bi Nusu, kwa ajili ya kimo chake na kwa mkono wake wa birika wakati wa kupakua, naye jina hilo alilipokea kama alivyopokea mengi maishani: kimya, huku akikoroga.

Kwa miaka ishirini na miwili aliipikia shule ile kwa kuni. Macho yalikuwa yamemwiva, na kikohozi chake kilisikika madarasani kabla ya kengele. Kwa hiyo baraza la mkoa lilipopitisha sheria ndogo kwamba kila jiko linalolisha zaidi ya watu mia liachane na kuni, hakuna aliyefurahi kumshinda. Wazazi walichimba kwa zamu shimo la mtambo wa gesi nyuma ya vyoo, na kila Jumatatu wenye ng'ombe walileta samadi kwa ndoo. Mkoa ukaleta jiko la chuma linalong'aa, sufuria kubwa imejengewa humo humo, na ahadi juu yake: ukaguzi ukipita, litakuja la pili.

Gesi haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba ukingo wa sufuria ulimfika Bi Nusu kidevuni. Aliyelichora jiko lile alipima joto, akapima ujazo, akapima hata unene wa bati. Mtu wa kukoroga hakumpima. Wiki ya pili kigoda alichopandia kiliteleza, na mkono wake wa kushoto ukazama hadi kiwiko katika maharage yanayochemka.

Kidonda kilipofunga, shemeji yake mwashi, mume wa dada yake, alikuja na matofali waliyochanga wazazi. Akakata reli ya chuma iliyozunguka miguu ya jiko ili apate nafasi, akajenga ngazi mbili pana, imara.

"Shemeji, ungekula ukashiba utotoni, saruji hii leo ningejengea choo changu."

"Na wewe ungepunguza mdomo, hicho choo kingekuwa na paa."

Tangu siku hiyo wali ulipikwa bila moshi. Sufuria ikiwa moja, maharage yalirudi kwenye mafiga, yakimsubiri yeye na kuni zake, hadi jiko la pili lije.

Jumanne moja mwalimu mkuu aliingia jikoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya msiba.

"Mama, mkaguzi wa mkoa anakuja Alhamisi. Mwongozo unasema jiko lisiongezwe wala lisipunguzwe kitu. Tubomoe ngazi kwa siku moja tu. Akiondoka, tunajenga."

"Mlango wa choo cha wasichana nao uliondolewa kwa siku moja, mwalimu, upakwe rangi mgeni apite. Mwaka wa ngapi huu?"

Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake. "Tukikosa la pili, wewe ndiye utakayevuta moshi. Siyo mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima raha siku mbili mfululizo. Alilitaka jiko la pili kuliko alivyotaka mshahara uongezwe. Lakini kila alipofikiria nyundo, aliuona mkoa mzima ukiletewa majiko marefu kama lile, na karatasi ikisema kwamba hakuna mpishi aliyelalamika.

Alhamisi mkaguzi alifika, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, vumbi hadi magotini, na shule nne nyuma yake tangu asubuhi. Bi Nusu alikuwa juu ya ngazi, mwiko mikononi. Hakushuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hizi ndizo ngazi, nisikufiche. Bila hizi sipiki." Akakunja mkono wa gauni kuonyesha kovu.

Mkaguzi aliliangalia kovu muda mrefu, kisha fomu. "Hapa naulizwa, jiko liko kama lilivyoletwa? Ni ndiyo au hapana. Nikiandika hapana, shule inahesabiwa bado inatumia kuni."

"Na gesi hii unayoiona inawaka?"

"Naiona, mama."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni hakusomwi." Aliinua kichwa, na uchovu wake ulifanana na wa Bi Nusu. "Shule ya jana nilikuta jiko zima, linang'aa, kuku wamelalia. Nikaandika ndiyo. Wao watapata la pili."

Mwalimu mkuu akaguna. Bi Nusu alikoroga mzunguko mmoja, akaugonga mwiko ukingoni.

"Andika ulichokiona, mwanangu. Hata hiyo ya pembeni."

Mkaguzi akaweka alama kwenye hapana. Kisha akatoa futi ya utepe begini, akapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa sufuria, akapima kutoka sakafuni hadi bega la Bi Nusu aliyeshuka kwa ajili hiyo, na namba zote mbili akaziandika pembeni kwa herufi ndogo, karatasi ilivyoruhusu. Hakuahidi kitu. Aliaga, akaondoka, shule ya sita ilikuwa ng'ambo ya mto.

"Tumekosa," alisema mwalimu mkuu.

"Tumekosa," Bi Nusu akaitikia. Alifunika wali, akapunguza moto, akachukua shoka. Kuni za siku ile zilikuwa mbichi. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza, na kikohozi kikamshika kabla moto haujashika.