Mwalimu Pelenatete Aingia Karakana

Mwalimu Pelenatete aliongoza shule pale Salelologa mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo, kila mwanafunzi alipoacha kitabu akashika nyundo, mwalimu alitikisa kichwa: "Basi, huyo tumempoteza." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoona.

Kisha nguruwe wa jirani wakaliangusha lango lake. Akalipeleka kwa Falaniko, fundi wa kuchomelea vyuma, mmoja wa hao waliopotea. Akaketi kusubiri huku akila panikeke zake, vile viandazi vya mviringo. Cheche ziliporuka, akasahau kutafuna. Vipande viwili vya chuma vilikuwa vinageuka kimoja mbele ya macho yake!

"Falaniko, na mimi nifundishe."

"Mwalimu, acha utani."

"Nimewahi kukutania lini?"

Etevise, dada yake mwalimu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa umri huu? Utaunguza nyusi zote wewe!"

Nyusi zilipona. Ila mshono wake wa kwanza wa kuunga vyuma ulitoka mabonde na vilima.

"Kama kuku kapita hapa," Falaniko alisema, kisha akajikohoza kuficha kicheko. "Rudia, mwalimu."

Akarudia. Akarudia tena. Jioni alikuwa akirudi nyumbani ananuka moshi, anaimba.

Pale karakana walikuwapo vijana wawili waliotoka shule ileile, Lagi na Tuiloma, waliokuwa wakisomea ufundi. Mikono yao ilikuwa mizuri, lakini hesabu za pembe ziliwaangusha kila walipofanya mtihani wa cheti. Pelenatete akachukua chaki, akachora pembetatu kubwa sakafuni, akawaambia wakate vyuma kuifuata.

Falaniko naye akasogea. "Kumbe ndiyo hii? Mbona darasani sikuambulia kitu?"

"Darasani sikuwa na chuma, mwanangu. Nilikuwa na mdomo tu."

Wakaangua kicheko wote. Mtihani ulipofika tena, Lagi na Tuiloma wakafaulu.

Mwisho wa mwaka shule ilimwalika Pelenatete kugawa zawadi. Alipomaliza kuwaita waliong'ara darasani, akaomba wenye vyeti vya ufundi nao wapande jukwaani. Mama yake Lagi hakungoja hata jina limalizike. Alipanda akicheza, akamvika bintiye mashada ya shingoni yaliyotungwa kwa peremende mpaka uso wote ukapotelea humo. Etevise naye akajitosa, mikono juu. Pelenatete akaweka karatasi zake mezani, akavua viatu, akaingia kucheza.