Daftari za Sifael

Kaka yangu Sifael alifundisha sayansi katika sekondari moja huku Old Moshi kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo aliandika. Aliandika alfajiri kabla ya kukama ng'ombe, akaandika akiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa. Mpaka anafariki alikuwa amejaza kaunta buku tisini na mbili. Baadhi zilieleza kwa nini maziwa yanaganda na kwa nini theluji ya Kibo inapungua. Nyingi zilikuwa hadithi za watu ambao bado hawajazaliwa.

Wachapishaji wawili wa Dar es Salaam walimjibu kwamba hadithi za namna hiyo hazina wasomaji. Hakuacha. Mchungaji alimruhusu kubandika ukurasa mmoja kila Jumapili kwenye ubao wa matangazo wa usharika, na ibada ikiisha watu walisongamana pale.

"Mwalimu, leo umetupeleka wapi tena?"

"Mirihi."

"Huko kuna mbege ya kunywa?"

"Migomba ndiyo kwanza imepandwa, mzee. Subiri ndizi ziive."

Hadithi hiyo ya Mirihi aliipenda kuliko zote. Watu wa mlimani wanahamia kwenye sayari ile na miche ya migomba, wanayeyusha barafu na kuchimba mfongo wa kuleta maji shambani, kama babu zetu walivyochimba huku. Alikuwa akinisomea wakati nikikatakata shina la mgomba la kulisha ng'ombe. Mwisho hakunisomea.

"Mwisho uko daftarini, Gladys. Njoo usome."

Nilimjibu nitasoma kahawa ikishavunwa. Nilimjibu hivyo misimu mingi.

Mwaka jana mwezi wa saba alipata kiharusi. Ulimi ukiwa bado unamtii kidogo aliniambia, "Daftari zangu zisinyeshewe." Chumba chake kilikuwa kinavuja. Hakuniomba kitu kingine. Siku ya tatu akafariki.

Manyunyu hayakukatika wiki ile. Wageni wa msiba walihitaji chumba, kwa hiyo nilizibeba daftari kwenye viroba hadi jikoni, nikazipandisha darini. Mama yetu alihifadhi mbegu za mahindi huko, kwa sababu moshi unafukuza unyevu na wadudu. Nilizitoa kwenye viroba zisiote ukungu, nikazifunika kwa majani makavu ya migomba ili masizi yasizichafue. Nilipomaliza nilimshukuru Mungu.

Kila mwanamke wa huku anajua kwamba majani makavu yaliyo darini ni ya kuwashia moto. Hata mimi najua.

Siku ya maziko, tulipotoka kaburini kule migombani, niliingia jikoni kuchukua sahani. Chini ya sufuria ya makande niliona jalada jekundu likijikunja kwa moto, na mwandiko wake juu yake. Aliyekuwa anapika ni jirani yetu, Mama Filemon.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Darini. Kuni zilikuwa zinatoa maji tu, Gladys. Majani yalipoisha tukakuta na daftari. Si za wanafunzi wa zamani hizo?"

"Zimebaki ngapi?"

Akatazama pembeni ya mafiga. "Tumeacha za kuwashia chai."

Zilikuwa tano. Nilizikumbatia nikakaa chini. Nje, mchungaji alikuwa anakiombea chakula kilichoivishwa kwa zile nyingine, na watu wakaitikia amina.

Baadaye Mama Filemon alinipigia magoti kuniomba msamaha. Nilimwinua, lakini sikumwambia kwamba yale majani niliyaweka mimi. Leo namwambia.

Katika zile tano zimo mbili za mwanzo za hadithi ya Mirihi. Ya tatu haipo. Mfongo umefika kwenye mwamba, watu wamekaa na majembe yao, miche inanyauka. Nimejaribu kuimalizia mwenyewe mara nyingi, nimeshindwa. Kila siku namwomba Mungu anikumbushe kitu ambacho sikuwahi kukisoma.

Ibada ya kumbukumbu yake ni Jumapili ijayo. Kama kuna mtu aliyesoma mwisho ule pale ubaoni, hata kama anakumbuka sentensi moja, anitafute kabla sijaondoka kanisani. Aniambie tu kama maji yalifika.