Ushuhuda Niliopeleka India

Mimi ni fundi viatu, na fundi viatu humtazama mtu kuanzia chini. Ukiingia dukani kwangu Kensington, hapa Johannesburg, nitakuwa nimeshajua unavyotembea kabla sijakuona uso. Mke wangu husema ni tabia mbaya, ndiyo maana sura za watu hunipotea. Huenda ni kweli. Lakini ndugu ninayetaka kumsimulia hapa sijamsahau uso wala miguu.

Alikuwa Mkongo wa Kivu, mwenzetu kanisani. Kanisa letu lilikuwa dogo, watu arobaini hivi, tukikodi ghala la zamani Jeppestown katikati ya gereji mbili. Washonaji, wasusi, walinzi, na mimi. Umennonite nilizaliwa nao mkoani Mara, nikaubeba mpaka Johannesburg nilipomfuata mke wangu, Msauzi niliyemwoa Morogoro wakati watu wao wakiishi kule uhamishoni. Yeye ni Mwanglikana, na kanisa langu hulitazama kama mtu anavyotazama mvua akiwa dirishani.

Sisi Wamennonite tuna mambo mawili tunayoyashika kuliko mengine. La kwanza, hatushiki silaha. La pili, kabla ya Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, wawili wawili, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Unapiga magoti, unamwosha mwenzako, unamfuta kwa taulo, kisha yeye anakuosha wewe. Mwenye kinyongo na mwenzake haligusi beseni mpaka wapatane.

Yule ndugu alikuwa mlinzi wa ghala moja la vifaa vya umeme, na kazini alibeba bastola. Nililijua hilo. Buti zake za kazi nilizishona mimi mwenyewe, zaidi ya mara mbili, na sikusema neno. Ila Pasaka ya 2018 alikuja ibadani moja kwa moja kutoka zamu, hakupata muda wa kupita kwake. Alipoinama kumwosha mwenzake, koti likafunguka na bastola ikagonga ukingo wa beseni. Chuma kwa bati. Watu wakaacha kuimba.

Mimi ndiye niliyelipeleka neno lile kwenye baraza la wazee, nami nikiwa mmoja wao. Mchungaji wetu alisema tuombe kwanza. Nikasema tumeomba vya kutosha, Maandiko yako wazi, na kama tunayafuata tuyafuate. Nilikuwa na sauti siku hiyo. Tukaamua atengwe na Meza mpaka aiache bunduki, tukamwita kumwambia. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi, na alipojibu alinitazama mimi, si mchungaji.

“Papa, minasikia,” alisema. “Lakini batoto batakula nini?”

Nikamwambia Mungu hulisha ndege wa angani. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na nusu andazi nilipokuwa nikisema hivyo.

Baada ya miezi miwili aliirudisha bastola kwa waajiri wake. Hawakuwa na nafasi ya mlinzi asiye na silaha, wakamwachia aende. Akavaa kizibao cha njano kinachong'aa na kuanza kulinda magari ya wateja mbele ya maduka ya mtaa wetu, karibu na robot, yaani taa za barabarani, akiishi kwa vijisenti vya wenye magari. Kutoka kwenye benchi langu nilimwona kila siku akinyoosha mkono kuwaonyesha madereva njia ya kurudi nyuma. Nilijivuna. Nilijivuna kana kwamba bastola ile niliirudisha mimi.

“Huyo mtu amekonda,” mke wangu aliniambia siku moja alipoleta chakula.

“Ana amani,” nikamjibu.

“Eish, Baba. Amani haina mafuta.”

Mwishoni mwa mwaka ule ndugu zetu wa India walitualika tutume mtu mmoja kuyatembelea makanisa yao na chuo chao cha Biblia. Aliyestahili kwenda ni mchungaji, lakini karatasi zake za ukimbizi hazikumruhusu kutoka nje ya nchi. Karibu wote walikuwa hivyo. Mwenye pasipoti inayopita popote nilikuwa mimi, kwa sababu ya ndoa tu, si kwa utakatifu. Nilipomuaga yule ndugu pale kwenye magari, alinipa mkono kwa mikono miwili.

“Papa, utusalimie bandugu ba kule,” akasema.

Nikaondoka Januari, wiki tatu. Kusini mwa India nilikuta udongo mwekundu, mikwaju barabarani, honi zisizonyamaza, na makanisa ambayo watu huingia peku. Hilo lilinishika. Mlangoni pamejaa kandambili na viatu, ndani wanawake wameketi mkekani upande wao, pindo za sari zikifunika vichwa, na mimi nikamkumbuka mama yangu na kofia yake nyeupe ya ibada. Wameketi sakafuni vilevile kama sisi tulivyoketi utotoni, miguu imekunjwa, nyayo zimepasuka kwa kazi za shamba. Sijawahi kuona nyayo nyingi namna ile kwa mpigo. Watu wale walikuwa wangu kabla hawajafungua kinywa.

Katika kanisa la kwanza waliniomba ushuhuda. Nikawasimulia habari za ndugu yetu aliyeiacha bastola kwa ajili ya Kristo. Mkalimani akaisema kwa lugha yao, wakapiga makofi, wakanivisha shada la maua ya njano. Katika kanisa la pili niliisimulia tena, na katika la tatu, na kila mara ilinoga zaidi. Chuma na beseni nilivieleza vizuri sana. Kufikia kanisa la nne nilikuwa nimeacha kutaja swali la watoto watakula nini, maana lilikuwa linapoza hadithi. Ruhusa ya kuisimulia sikuwa nimemwomba mwenyewe. Baada ya ibada walitulisha wali na mchuzi uliokolea pilipili hadi nikatokwa machozi, nao wakaambizana mgeni ameguswa na Roho.

Chuo cha Biblia kilikuwa nje ya mji, majengo ya chokaa yenye veranda ndefu, wanafunzi wakifagia uwanja kabla ya jua kuchomoza. Nilitoa ushuhuda wangu mbele yao wote asubuhi, na nikapigiwa makofi kuliko kwingine kote. Kisha mwalimu wao wa historia ya kanisa, mzee mwembamba mwenye sweta la mikono mirefu kwenye joto lile, alinikaribisha chai verandani. Alizungumza Kiingereza cha polepole, nami changu ni cha dukani, tukaelewana.

“Yule ndugu,” aliniuliza, “mlipomwambia aache, mlimpa kazi gani?”

Nikamwambia amepata mwenyewe, analinda magari.

“Nauliza ninyi mlimpa nini.”

Hakunisuta. Alikoroga chai yake, akanisimulia kwamba babu yake alikuwa mtu wa kuchuna ngozi, kazi ya watu wa chini kabisa kijijini kwao. Alipobatizwa aliacha kuchuna mizoga, na kijiji kikamkatalia hata kisima. Lakini wamisionari waliombatiza walikuwa na zahanati na bustani, wakampa jembe siku hiyo hiyo, na maji wakampa yao. “Walikuwa na makosa yao mengi, tunayafundisha hapa,” alisema. “Ila waliomwambia aache walikuwa na mahali pa kumweka.”

Nilikunywa chai ile ikiwa imepoa. Benchi langu la Kensington lina urefu wa mita mbili, nami natumia moja. Tangu nifungue duka, sijawahi kukaa upande wa pili.

Jumapili iliyofuata tulisali katika kanisa la kijiji jirani na chuo. Nilipokuwa navua viatu mlangoni, niliona katikati ya kandambili buti mbili za ngozi ya kahawia, zimeng'arishwa, kisigino cha chuma. Kiatu cha askari sihitaji kuambiwa. Ndani alikuwa ameketi polisi na kaki zake, mkanda mtupu kiunoni, na ilikuwa siku yao ya kutawadhana miguu. Aliyepiga magoti mbele yake na beseni alikuwa mwalimu wangu wa historia.

Nilimsubiri nje, nikamuuliza karibu kwa hasira. Je, hapa hamfundishi kwamba hatushiki silaha?

“Tunafundisha,” akasema, akitafuta kandambili zake. “Tumebishana na yule miaka kumi. Wiki ijayo tutabishana tena. Lakini tunabishana naye akiwa ndani.”

Usiku wa safari, ndani ya ndege, nilipanga kila kitu. Nitamfundisha ufundi, nusu ya benchi iwe yake, na baada ya mwaka awe na wateja wake. Nilipanga hata stuli atakayokalia. Nilifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli, maana kwa mara ya kwanza tangu Pasaka ile nilijua la kufanya.

Mke wangu aliniacha nioge na nile. Kisha akaketi.

“Ndugu yako wa magari wameumiza mguu wake,” akasema. “Wezi walitaka gari la mteja, mchana kweupe. Akasimama mbele ya mlango wa gari. Wakampiga na spana ya tairi.”

“Lini?”

“Wiki mbili sasa.”

Sikutaka kuhesabu siku, lakini nilihesabu. Ilikuwa wiki ile niliyokuwa chuoni.

“Wangemwona na bunduki wasingesogea,” mke wangu akasema, kisha akajuta. “Au wangempiga risasi. Sijui, Baba. Mimi si mzee wa kanisa.”

Nilikwenda kwake Jeppestown siku hiyo hiyo. Chumba walichokikata kwa pazia, familia nyingine upande wa pili, yeye kitandani, kifundo cha mguu kimefungwa plasta na ndani, aliniambia, wameweka skrubu. Mkewe alinipa chai kwenye kikombe kizima, yeye akanywa kwenye kopo. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Badala yake nikaanza habari za safari, ndege, joto, chakula, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango.

“Bandugu ba kule beko bazima?” aliniuliza.

“Wazima. Wanawasalimu.”

“Ulibaeleza nini?”

“Habari zenu. Za kanisa.”

“Na habari yangu?”

“Na yako.”

Pazia lilikuwa linatikisika, mtoto wa jirani akicheza nyuma yake.

“Balisema nini?”

Sikuweza kumdanganya. “Walipiga makofi,” nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Ndipo nikamweleza habari ya benchi. Nilieleza upesi mno, na kwa maneno mengi, sindano, gundi, wateja. Nikamwambia nilikosea. Nadhani nilisema hivyo. Ninachokumbuka ni kwamba nilisema nikiwa nimesimama tayari kuondoka.

“Asante sana, Papa,” akasema. “Nitafikiri.”

Nilinunua stuli. Niliiweka upande wa pili wa benchi, nikapanga koleo na nyundo ndogo mbele yake. Februari ikapita, Machi ikapita. Nikasikia ameanza kutembea, kisha kwamba anauza vocha za simu na sigara karibu na stesheni ya Jeppe. Nilituma salamu mara tatu. Mara zote zilirudi salamu nzuri, na yeye hakuja. Wateja wakaanza kuikalia stuli wakisubiri viatu vyao, na mimi nikawaacha.

Pasaka ya 2019 alikuwa amesharudishwa Mezani. Baraza halikuwa na neno; alitimiza alilotakiwa. Alikuja na mkewe na watoto, akichechemea, akaketi kwenye fomu ile ile niliyoketi mimi. Sijui kama alifanya makusudi. Wakati wa kutawadhana ulipofika, shemasi alitugawa wawili wawili kwa jinsi tulivyoketi, akaliweka beseni kati yetu. Nilitaka kupiga magoti kwanza. Yeye akawahi.

Ilimchukua muda kushuka. Alinivua viatu, akanikunja suruali, akaniosha mguu mmoja na kisha wa pili. Hakuosha kwa haraka kama wengine wanaotimiza tu. Alipitisha vidole katikati ya vidole vyangu, akasugua kisigino, akanifuta mpaka pakauka. Alikuwa amenikaribia hivi kwamba nilisikia pumzi zake. Na kwa kuwa alikuwa amepiga magoti, nikaziona nyayo za viatu vyake. Cha kushoto kilikuwa kimeinuliwa kisigino kwa kipande cha tairi, ili kuufidia mguu uliofupika. Soli ilikuwa imegongwa misumari. Mimi sigongi misumari, nashona. Alikuwa amempelekea fundi mwingine.

Akasimama kwa kushika bega langu. “Amani ya Bwana iwe na wewe, Papa,” akasema, akanibusu shavuni, kama kanuni inavyotaka.

Nikalivuta beseni kwangu, nikashuka chini. Magoti yangu yalikuwa sakafuni tayari, na mkono wangu kwenye kamba za kiatu chake.

“Hapana,” akasema. Hakuwa na ukali. Aliuondoa mguu wake polepole, kama unavyouondoa kwenye kitu kinachoweza kuvunjika. “Huu bado.”

Akarudi mwisho wa fomu na viatu vyake miguuni, akafungua kitabu cha nyimbo. Watu waliendelea kuimba. Shemasi alikuja akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumemaliza, abebe maji. Nikamwambia abebe. Nikarudi kwenye nafasi yangu, nikaketi na miguu yangu safi mpaka mwisho wa ibada.