Dereva Aliyelala Mahakamani

Juzi, kwenye korido ya mahakama hapa Tabora, niliketi jirani na mama mmoja wa Goweko. Lori lilimvunja mguu akitoka kwenye shamba lake la tumbaku, baada ya dereva kusinzia. Sasa anamdai fidia mwenye lori. Dereva mwenyewe, aliyeitwa kutoa ushahidi, akaja kuketi upande wake wa pili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo?”

“Nimeingia alfajiri na mzigo. Bosi kasema nikishusha tu nije hapa.”

Kesi haijaitwa, kichwa chake kikawa kimeangukia bega la yule mama. Wakili wa mama akanyoosha mkono amwamshe. Mama akauzuia kwa mkongojo.

“Mwache,” alinong’ona. “Angeachwa alale siku ile, mimi ningekuwa natembea.”

Akajivuta polepole kwenye benchi ili kichwa kikae vizuri.

Mwenye lori hakufika. Wakili wake alieleza kwamba mzee amechoka na safari, anapumzika nyumbani. Nami nikabaki kujiuliza, ruhusa ya kupumzika kaipata kwa nani.